Ruhusa ya Mzee Onchiri

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya Gesima. Ndivyo Persis alivyojiambia siku ya kwanza alipofunguliwa mlango, na tangu hapo aliamini kwamba baridi ile ilitoka kwao. Aliamini kwamba kila alfajiri ukungu uliolala juu ya majani chai uliinuka, ukashuka polepole kufuata barabara hadi mjini Kisii, ukapanda vidato vya jengo la Shashikant, ukajilaza tena miguuni pa ile kompyuta kuu. Mashine yenyewe ilikuwa nyeusi, ndefu kumpita mtu, nayo ilivuma sauti moja isiyopanda wala kushuka. Ukikaa nayo kwa muda uliacha kuisikia. Na ukiacha kuisikia, ulianza kuota huku macho yako yako wazi.

Ilibeba majina ya watu wengi. Kila mkulima aliyepima majani yake kituoni, awe wa Gesima au wa Ikonge, jina lake lilipita humo kabla ya simu yake kulia jioni na ujumbe wa kilo zake. Wachongaji wa Tabaka nao walikuwa na faili lao la mawe yanayosafirishwa. Persis alipenda kufikiri kwamba milima yote miwili, ule wa chai na ule wa mawe, ilikuwa imelala ndani ya sanduku lile, imekunjwa kama blanketi.

Kazi yake ilikuwa ruhusa. Kila mtu aliyetumia mashine alikuwa na wasifu wake ndani ya mfumo, na katika wasifu huo ngazi yake. Wa ngazi ya kwanza alitazama tu. Wa ngazi ya tatu aliandika katika faili lake. Wa ngazi ya tano aliamuru kazi zifanyike. Wa ngazi ya saba hakuulizwa kitu, alichosema kilikuwa. Persis hakuwa na ngazi hata moja kati ya hizo. Yeye alikuwa na cheo cha pembeni, cha kusema nani aingie wapi, bila yeye mwenyewe kuweza kufungua faili la mkulima yeyote. Alikuwa mshika funguo aliyebaki uani. Cheo hicho kilimfaa, kwa sababu hata kwenye harusi alikuwa mtu wa kubaki uani.

Ngazi ya saba ilikuwa ya mtu mmoja tu, Mzee Onchiri.

Mzee Onchiri wa Ikonge alikuja na mashine. Ndiye aliyeifuata Nairobi kwa lori wakati kampuni ya bima ilipoichoka, ndiye aliyeifunika kwa koti lake mvua ilipowakuta njiani, na ndiye aliyekaa nayo miaka yote hiyo, sweta lake la kijivu likichakaa viwikoni. Alizungumza nayo. Akiwa na haraka aliiambia, "Haya mama, twende, wakulima wana njaa ya habari." Na ni yeye aliyempa Persis cheo chake alipotoka chuoni. Aliandika amri ile kwa vidole viwili, akamgeukia, akasema, "Sasa hata mimi ukitaka unaweza kunifungia nje." Akacheka. Persis akatazama viatu vyake.

Asubuhi walisalimiana namna moja tu.

"Bwakire, tata."

"Bwakire buya, mwanangu. Gesima wameamkaje?"

"Wameamka na ukungu."

"Wamezidi. Wanakunywa ukungu kuliko chai."

Alimwita tata, yaani baba, wala haikuwa heshima ya mdomo. Mzee Onchiri alitahiriwa msimu mmoja na babake Persis, na mtu wa namna hiyo ni baba kamili. Kuna mambo mtoto hamfanyii. Haketi kitandani pake. Haingii chumba chake cha kulala. Hataji mbele yake mambo ya mwili wala ya ndoa. Wakisii huiita chinsoni, haya inayoshikilia nyumba isianguke, na Persis aliivaa kama ngozi yake. Kwa hiyo kila alipopitia orodha ya watumiaji na kufika jina la Onchiri, aliteremka upesi. Wasifu ule, pamoja na ngazi yake, neno lake la siri na tarehe yake ya kuingia kabla Persis hajazaliwa, ulikuwa kwake chumba cha kulala cha baba.

Kisha Gesima ikapotea.

Ilikuwa adhuhuri. Mzee alitaka kufuta faili dogo la majaribio, akafuta faili la wakulima wa Gesima. Mashine haikumuuliza kama ana hakika, maana ngazi ya saba haiulizwi. Jioni ile hakuna simu iliyolia Gesima. Persis aliwaza milima ya kwao imekaa gizani ikisubiri, kila mtu akitazama simu yake kama anayetazama mlango wa mtu aliyefariki. Kesho yake walirudisha majina kutoka kwenye kanda ya akiba, yote, na Mzee Onchiri akacheka kidogo na kusema kwamba hata Musa alivunja mbao za amri.

Chandni hakucheka. Chandni alikuwa binti wa Shashikant, na siku hizi ndiye aliyesimamia ofisi huku babake akikaa chini dukani kati ya mabati na misumari. Alimwita Persis dirishani.

"Mshushe."

"Nani?"

"Persis, usinifanye nimtaje. Ngazi ya saba ya nini? Hata benki hawampi mtu mmoja funguo zote. Mshushe kabla hajafuta kaunti nzima ya Nyamira."

"Umemwambia?"

Chandni alitazama nje, ambako mwanamume mmoja alikuwa akisukuma mkokoteni wa ndizi kwenye mteremko. "Mimi siwezi. Uncle Onchiri alinifundisha baiskeli hapo nyuma ya stoo. Nikianguka alikuwa anaipiga barabara teke, anaiambia, kwa nini umemwangusha mtoto? Nitaanzia wapi? Wewe ndiye mwenye kazi ya ruhusa."

"Mimi ni mtoto wake."

"Mtoto wake kivipi? Wewe wa Gesima, yeye wa Ikonge."

"Alitahiriwa pamoja na baba."

"Nyinyi watu," alisema Chandni kwa sauti ya uchovu na upendo. "Basi mshushe kitoto. Lakini mshushe."

Mchana kutwa Persis alikaa mbele ya skrini, jina la Onchiri likimtazama. Mvua ya Kisii ya saa tisa ikanyesha, ikapita. Mara nyingi alisogeza kidole, mara nyingi akakirudisha. Sauti ya mashine ikamzunguka mpaka akaacha kuisikia, akajiona anatembea ndani ya nyumba kubwa yenye vyumba vingi, na kila chumba kilikuwa kijiji, na mlango wa kila kijiji ulikuwa wazi. Mwishoni mwa ukumbi kulikuwa na chumba kimoja chenye pazia. Hakuweza kukipita. Lakini milango mingine, alifikiri. Ile mingine si ya baba. Ile naweza kuigusa.

Hapo akapata njia yake, nayo ilionekana nzuri kama mambo yote yanayopatikana nusu usingizini. Ngazi ya saba ilifungua kila faili, isipokuwa faili ambalo mlangoni pake jina lako limeandikwa waziwazi kwamba huyu hapana. Jina la mlangoni lilishinda ngazi. Hakuwa na haja ya kuingia kwenye wasifu wa Mzee. Ngazi yake ingebaki saba, heshima yake ingebaki pale pale. Persis angesimama nje tu. Basi akaenda mlango kwa mlango: Gesima, Onchiri hapana. Ikonge, Onchiri hapana. Tabaka, Onchiri hapana. Kazi za jioni zilizokuwa zikitembea kwa jina la Mzee alizihamishia majina yasiyo ya mtu, ili jumbe za wakulima zisikatike. Alifanya polepole, kwa upole, kama mtu anayefunga milango ili aliyelala asiamke. Alipomaliza alihisi ametenda jambo jema.

Kesho yake Mzee Onchiri aliandika jina la faili la Ikonge, na mashine ikamjibu kwamba hana ruhusa.

Aliandika tena, kwa makini zaidi. Ikakataa. Alifungua wasifu wake akatazama: ngazi ya saba. Akavua miwani, akaipangusa kwa sweta, akaandika mara nyingine, akisema kila herufi kwa sauti. Ikakataa.

"Mwanangu," aliita. "Hili faili la kwetu linaitwaje?"

Persis alilitaja.

"Ndivyo nilivyoandika?"

Alikuja akasimama nyuma yake, akatazama skrini. Lilikuwa limeandikwa sawasawa. "Ndivyo, tata," alisema, na sauti yake ikawa ndogo sana.

"Basi ni mkono," alisema Mzee. Aliutazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto, kama vitu alivyoazimwa.

Siku zilizofuata zilipita kama zilizofunikwa na shuka jeupe. Mzee aliacha kuzungumza na mashine. Alianza kuandika majina ya faili kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, akaja anayasoma kutoka hapo, akakataliwa. Alianza kumuuliza Persis mambo anayoyajua: kitufe fulani kiko wapi, leo ni siku gani. Kila mara Persis alijibu vizuri na kwa upole, na kila jibu la upole lilimzamisha Mzee kidogo zaidi. Persis alitaka kumwambia. Lakini kumwambia kulikuwa kumwambia baba kwamba mtoto amemfungia nyumba, na hilo mtoto halitamki. Alijiambia kwamba Mzee atazoea. Watu huzoea.

Asubuhi ya Ijumaa, Mama Ruth alipanda ofisini. Alikuwa mke wa Mzee Onchiri, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kanisa, na alikuwa amepumzisha mkungu wa ndizi kwenye vidato kwa sababu ulimshinda. Mumewe alikuwa ameshuka kununua dawa ya macho. Mama Ruth hakukaa.

"Mwanangu, niambie ukweli. Anafanyaje hapa?"

"Anafanya vizuri, mama."

"Usinidanganye, mimi si mkaguzi." Alivuta pumzi. "Usingizi umemhama. Anakaa kitandani anajitahini. Anataja watoto wetu kuanzia wa kwanza, anataja ng'ombe, anataja hata mbuzi tuliochinja zamani. Juzi akafika kwa kitinda mimba akasita, kidogo tu, hata mimi husita, wana majina mengi hawa! Akalia. Mwanamume yule akalia. Anasema mashine imemsahau, au yeye ameisahau, hajui ni nani."

Persis alimsogezea kiti; Mama Ruth akakisukuma kando.

"Amesema leo ndiyo mwisho. Baada ya Sabato harudi. Anasema atakaa nyumbani asije akaharibu mali ya watu." Mama Ruth akaushika mkono wa Persis, akaugeuza, kama anayetafuta kitu ndani yake. "Mimi sitaki kazi yake. Ajapo nyumbani ni sawa, kuna migomba. Lakini akija hivyo, atakuja akiwa amekwisha. Kama kuna kitu unajua, mwambie. Akitoka kwako, ataamini."

Mzee alirudi. Mama Ruth akajifanya alikuja kumletea ndizi Chandni. Baadaye Persis alimkuta Mzee katika chumba cha mashine, kwenye kiti chake, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Kibodi ilikuwa mbele yake. Alikuwa ameisukuma mbali kidogo, kama mtu aliyeshiba.

"Tata."

"Naam."

"Si kichwa chako."

Hakugeuka. "Nini?"

"Si kichwa, wala si mkono. Ni mimi. Nimeandika jina lako kwenye milango. Uliandika sawasawa kila mara, tata, na mimi niliona. Ni mimi niliyekufungia."

"Mlango upi?"

"Yote."

Mashine ilivuma. Mzee Onchiri akasimama, akafungua mlango, akaenda barazani. Persis alibaki akitazama kiti kitupu. Alimwona kupitia kioo, ameshika ukuta wa baraza kwa mikono miwili, na mvua ikaanza, na yeye hakuingia. Persis aliwaza kwamba huenda atashuka moja kwa moja, avuke barabara, apande milima hadi kwake bila kugeuka, na kwamba habari ingefika Gesima kabla ya giza, na babake angekaa kimya kwenye meza. Akajiona ndani ya ile nyumba kubwa tena. Milango yote ilikuwa imefungwa, na mtu alikuwa akitembea ndani yake gizani, akipapasa kuta, akitaja majina ya watoto wake.

Mzee alirudi, bega moja limelowa.

"Wiki nzima," alisema, "nimehesabu wanangu kama ng'ombe waliovuka mto uliofurika. Unajua hilo?"

"Najua. Mama ameniambia."

"Na ile ya Gesima? Nayo ilikuwa wewe?"

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari, lenye upole wote wa dunia. Persis alilishikilia mdomoni, akaliacha.

"Hapana, tata. Ile ilikuwa wewe."

"Nilitaka kufuta la majaribio."

"Ndiyo."

"Nikaandika Gesima."

"Ndiyo, tata. Na mashine haikukuuliza."

Mzee akaketi. Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Sasa unazungumza na mimi," alisema. "Wiki hii ulikuwa unanibembeleza tu." Alijipangusa bega. "Kwa nini hukunishusha? Amri ni moja. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Wasifu wako." Persis alitazama sakafu. "Siwezi kuingia humo. Ni kama chumba chako."

"Aa."

"Ndiyo maana nilisimama nje."

"Ukasimama nje ukapigilia misumari, na mimi niko ndani."

"Ndiyo."

Mzee aliikunja mikono ya sweta lililolowa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Mama yako ni mtoto wa nani?"

Persis aliogopa. Alidhani kichwa kimepotea kweli. "Wa Nyangate. Wa Ikonge."

"Nyangate mwenye pengo hapa?" Mzee aligusa meno yake ya mbele.

"Ndiye nyanya yangu."

"Mama yake na mama yangu walitoka tumbo moja. Nyangate amenibeba mgongoni, amenipiga, ameniibia viazi. Nilijua tangu siku uliyokuja ukasema kwenu." Mzee akamgeukia. "Nikashika njia ya baba yako kwa sababu ndiyo fupi, na kwa sababu nilipenda kuitwa tata na msichana wa chuo. Lakini nyumba moja ina njia mbili. Kwa njia ya mama yako, mimi ni nani wako?"

Persis alihesabu moyoni. Nyanya; ndugu ya nyanya.

"Sokoro," alisema. Babu.

"Sema kwa nguvu, huyu mama anapiga kelele," alisema Mzee, akiionyesha mashine kwa kidevu.

"Sokoro!"

Kwa babu hakuna chinsoni. Mjukuu hupanda kitandani pa babu, hunywea kikombe chake, hucheka upara wake. Ni watu waliosimama kwenye ncha mbili za kamba, na haya yote imebaki katikati, kwa akina baba.

"Basi ingia chumbani," alisema Mzee Onchiri, akamsogezea kiti chake.

Persis aliketi. Kiti kilikuwa na joto. Aliufungua wasifu ule kwa mara ya kwanza, na haukuwa na kitu cha kutisha ndani: jina, tarehe ya zamani, namba saba.

"Ngazi gani, sokoro?"

Mzee alifikiri, akitazama taa ndogo za kijani. "Ile ya kutazama. Nione kila kitu, nisiguse kitu. Umri wangu ni wa kutazama."

Aliandika. Mashine ikakubali bila kusita. Kisha akafuta jina la Mzee kutoka kila mlango, mmoja baada ya mwingine, na Mzee akawa anaitaja milango kwa sauti kadiri ilivyofunguka, Gesima, Ikonge, Tabaka, na hakusita kwa lolote. Walipomaliza Mzee alivuta kibodi, akafungua faili la Gesima. Likafunguka, majina yakashuka kwenye skrini kama watu wanaoteremka kutoka kanisani. Akajaribu kuongeza neno. Mashine ikamkatalia.

"Imekataa," alisema, na uso wake ukafunguka. "Imekataa, na ninajua kwa nini."

Chandni alichungulia mlangoni, amebeba ndizi tatu za Mama Ruth. "Uncle? Mko sawa?"

"Tuko sawa. Mjukuu wangu amenitoa chumbani, sasa nakaa sebuleni kama mgeni. Jumatatu niletee kiti chenye mto."

"Jumatatu utakuja?"

"Kwani nani atawatazama?"

Chandni akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaziacha ndizi juu ya meza, akaondoka haraka, mkono umefunika macho. Mzee Onchiri akamenya moja. Alitafuna, akamkagua Persis kwa jicho la pembeni.

"Haya, mjukuu. Sasa naweza kuuliza. Utaolewa lini? Au umeposwa na hii mashine?"

Joto likampanda Persis shingoni. Maisha yake yote, kwa swali kama hilo, angefunika mdomo na kutoroka. Aliisikia mashine ikivuma, na baridi ya kwao ikiwa miguuni pake.

"Nakungoja wewe, sokoro."

Mzee alipaliwa na ndizi. Alicheka akikohoa, akajipiga kifua, machozi yakamtoka. "Wewe! Na Ruth je? Mshushe basi, nikuoe!"

"Hapo siwezi," alisema Persis, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Ruth ana ngazi ya saba."